Mbwa wa Amana

Mume wangu hakuoshwa kwa udongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifikia mwisho, na ndilo baya kuliko yote. Alioshwa kama anavyooshwa Muislamu yeyote: kwa maji ya majani ya mkunazi, kwa maji safi, na mwisho kwa maji yaliyotiwa kafuri. Waliomwosha wapo, wanaswali msikiti mmoja na hao wanaosema, na mwenye haja akawaulize.

Wanasema vilevile kwamba shemegi yangu Ame alionekana akiingia kwetu siku ya mazishi na fundo la kitambaa mkononi, na kwamba fundo lile ndilo lililokuwa na udongo. Fundo lilikuwepo. Udongo wameutia wenyewe.

Mume wangu hakufa kwa maradhi ya mbwa. Alikufa kwa moyo, na daktari alikuwa amekwisha kumwonya apunguze kupanda ngazi. Mbwa hakupata kuingia katika nyumba yetu ya Kiponda. Hakupata hata kuvuka Mnazi Mmoja kuingia mjini. Na kama marehemu na nduguye hawakuwa na maneno mazuri miaka ile ya mwisho, sababu haikuwa shamba wala mirathi.

Marehemu baba yangu alinipeleka skuli ya wasichana wakati wenziwe walipokuwa wakimwuliza atamwozesha nani binti anayejua kuandika. Nimesoma, na nimesomesha mabinti wa watu wengi wanaonisema leo. Sikulelewa kusimama mlangoni nikajibizana na wapita njia. Basi naandika.

Msabah bin Kificho alikuwa mtunza ghala la karafuu pale Malindi, hapa Unguja. Kwao ni Chukwani. Hakuwa mtu mkubwa, wala hakujifanya mkubwa. Kanzu zake zilinuka karafuu hata zikifuliwa vipi, na mama yangu, aliyekuwa hakuridhia sana ndoa ile, alikuwa akisema, "Huyu mkwe wangu simwoni, ila namnusa." Lakini mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja. Aliweka amana.

Mtu akienda Makka, au mke akiachwa na mume aliyesafiri, alileta kitu chake kwa Msabah. Kilitiwa katika kasha la njumu, lile la misumari ya shaba, chumbani kwetu, na ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Mimi mkewe sikujua kilichomo. Mtu mmoja wa Tumbatu aliacha kifurushi akafa safarini, na Msabah alitafuta mrithi mpaka akampata mjukuu wa kike huko Mkokotoni. Aliporudi nilimwuliza, "Kilikuwa nini?"

"Kilikuwa chake," akasema, akavua viatu.

Alikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo iliyomponza. Akirudisha kitu, humweleza mwenyewe kila lililokipata. Nondo waliwahi kula kilemba cha mtu mmoja pembeni, mahali pasipoonekana. Kabla mtu yule hajakunjua kitambaa, Msabah alimwambia, "Kimeliwa hapa. Mimi ndiye niliyekiweka karibu na ukuta." Nilimwambia mwenyewe asingejua. Akaniambia, "Amana hurudi na habari zake."

Mwaka wa hamsini na moja yakatokea yale mambo ya ng'ombe huko Kiembe Samaki, ambayo kila mtu wa Unguja anayajua. Serikali ilisema ng'ombe wachomwe sindano kwa ajili ya kimeta. Wenye ng'ombe walisema ng'ombe wao wazima, na sindano ndiyo itakayowaua. Watu walikufa, watu wakafungwa. Ame, mdogo wake Msabah, alikuwa miongoni mwa waliofungwa.

Ame hakuwa na mke wakati ule. Alikuwa na ng'ombe wachache, kiwanja cha muhogo, na mbwa wa kuwindia nguruwe wanaoharibu muhogo huo. Mbwa huyo alimpa jina la Watachoka, kwa sababu majirani walilalamika anavyobweka, na Ame alipenda kumwita kwa sauti kubwa wapitapo. Msabah alikwenda gerezani kumtazama, na maneno waliyosema alinieleza jioni ile ile, akiwa bado amesimama.

"Ng'ombe wapo kwa Jaku," Ame alimwambia. Jaku ni jirani yake. "Lakini mbwa Jaku hamtaki. Kashazeeka yule, Kaka, akitupwa atakufa. Nakuachia wewe. Ni amana mpaka ntakapotoka."

"Amana ya mbwa, Ame?"

"Wewe umepata kumwuliza mtu amana ya nini, ukakataa?"

Kesho yake Msabah alikwenda Chukwani.

Alimkuta mbwa kibandani kwa Ame, amelala kizingitini, pua imeota mvi. Nyuma ya bega la kushoto palikuwa na uvimbe. Baada ya siku chache uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukafunga. Tukadhani yamekwisha. Ukavimba tena pembeni kidogo, ukapasuka, ukafunga. Ndivyo ulivyokwenda karibu miaka miwili. Hakuna aliyejua ni nini. Si jeraha la nguruwe, kwa sababu kovu halikuwepo. Si upele, kwa sababu ngozi yake pengine pote ilikuwa safi. Wengine walisema jicho la mtu.

Kila siku akitoka ghalani Msabah alipanda baiskeli mpaka Chukwani. Alimwosha kwa maji ya mwarobaini, akampaka asali, akajaribu manjano na mafuta ya nazi, akanunua ile dawa ya zambarau ya dukani, na ule unga mweupe wa vidonda. Alimfunga vitambaa vya shuka kuukuu. Alikuwa na nguo maalumu aliyoiacha huko huko, na mikono yake aliiosha kama sheria inavyotaka kwa mtu aliyeguswa na umajimaji wa mbwa, mara saba, moja yake kwa udongo. Ndipo alipoiweka mikono yake juu ya baiskeli. Alifika nyumbani twahara kuliko watu wengi waliokaa barazani kutwa nzima.

Lakini mji una masikio. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu Kazija.

"Sikai, Bi Mwatum," alisema, na alikuwa ameshakaa. "Nimekuja kuchukua vikuku vyangu."

"Kuna harusi?"

"Harusi ya nani, na sisi sote tumeshazeeka? Nataka viwe karibu nami tu."

"Miaka yote hii havikuwa mbali."

"Miaka yote hii hapakuwa na mbwa." Akavuta buibui lake. "Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Wewe umesoma kunishinda."

"Nimesoma. Mbwa yuko wapi? Chungulia chini ya kitanda, pengine kajificha."

"Mbwa yuko Chukwani, shoga yangu. Mikono iko hapa."

Msabah alikuwa ngazini, amesikia. Alipanda, akashuka na vikuku katika kitambaa chao kile kile, akamwekea mbele yake. "Vitazame, Bi Kazija."

"Sikusema kwa ubaya, Msabah."

"Najua. Vya mtu ni vyake."

Baada ya Kazija wakaja wengine, kila mmoja na sababu yake, na hakuna aliyemtaja mbwa tena. Yule alikuwa anajenga, yule mwanawe kamwandikia. Msabah alifungua kasha, akatoa, akafunga. Kasha lilipofika hali ya kusikika tupu likisukumwa, nilimwambia waziwazi. Nilimwambia jina la mtu hujengwa kwa umri mzima, na kwamba yuko mtu Vuga mwenye bunduki ambaye angemaliza jambo lile bila mnyama kuteseka.

"Na Ame akitoka nimwambie nini? Kwamba amana yake ilikuwa nzito?"

"Mwambie alikufa. Ni mbwa mzee."

"Amekufa?"

 Niliazimia kwenda kuona kwa macho yangu kitu kilichokuwa kikitugharimu kiasi kile.

Nilikwenda kwa gari la shamba, siku ambayo skuli ilikuwa imefungwa. Nilikaa mbali juu ya jiwe nikamtazama mume wangu akifanya kazi. Alimfungua mbwa vile vitambaa taratibu, akizungumza naye. Mbwa alitetemeka lakini hakugeuza kichwa kumwuma. Kisha Msabah akachukua vitambaa vichafu, akavitia katika ndoo, na hapo nikamwona akichota udongo kutoka kikapuni, akauvuruga katika maji, akavifikicha. Akavisuuza mara nyingi, akihesabu, midomo ikichezacheza. Akavianika kambani. Kutoka kamba hiyo hiyo akachukua vya jana vilivyokauka, akaanza kumfungia kidonda.

"Msabah," nikamwita. "Vitambaa unavitilia udongo wa nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua ni la nini. "Vina najisi. Naswali hapa laasiri, Mwatum. Upepo ukivirusha juu ya mkeka wangu, je?"

"Na kisha unavirudisha juu ya kidonda."

"Vikishakuwa safi."

Niliinuka nikashika kitambaa kimoja kambani. Kilikuwa kimekauka kigumu, na katika nyuzi zake mchanga mweusi ulionekana. Nikamwonyesha. Skuli tulifundishwa mambo ya usafi wa vidonda, nami nimewafundisha wengine, kwamba udongo una vijidudu. Aliupapasa mchanga ule kwa kidole.

"Udongo huu unautoa wapi?" niliuliza. Chukwani yote ni mwamba wa matumbawe, huwezi kupata udongo laini wa kujaza kiganja.

Akaelekeza kidevu upande wa zizi tupu la Ame. "Pale tu ndipo palipo laini."

Hakutaka kupokea hukumu ya twahara kwa mkewe, na sikumlaumu kwa hilo. Tulipita kwa Mwalim Borafya, aliyekuwa akisomesha chuo karibu na msikiti wa Chukwani. Nilibaki nyuma ya mlango. Msabah alimweleza yote tangu mwanzo, mikono, ndoo, mkeka.

Mwalim alisikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Msabah, mbwa wako ataswali?"

"La, Mwalim."

"Basi kwa nini unamtilia udhu? Mbwa wa shamba na wa kuwindia ameruhusiwa. Mikono yako osha. Chombo chako osha. Kitambaa kinachorudi kwa mbwa ni cha mbwa, kiache na najisi yake, kianike mbali na mkeka. Wewe umekuwa ukimwaga shamba ndani ya jeraha la mnyama kwa kumcha Mungu."

Msabah hakucheka. Nilimwona akitoka, uso umemshuka.

Baada ya siku ile vitambaa vilichemshwa katika debe, kwa chumvi, vikaanikwa kichakani. Usaha ukapungua. Nilianza kuona nafuu usoni mwa mume wangu. Kisha mbwa akashikwa na homa. Aliacha kula, akawa halali ubavu wa kushoto, na uvimbe ulirudi, safari hii mgumu, umekwenda chini. Ubaya ulikuwa umeshaingia ndani. Na habari zilikuwa zimekuja kwamba Ame atatoka kabla ya Ramadhani.

Ilibaki njia moja, nayo kila mtu wa Chukwani aliijua: kituo cha mifugo cha serikali, kwa watu wale wale wa sindano.

Jaku alimsimamisha Msabah njiani. Alinikuta nami nipo, nikamwamkia, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akamgeukia mume wangu.

"Nasikia unataka kumpeleka mbwa wa Ame kwa mabwana."

"Sijaamua, mzee."

"Nduguyo yuko ndani kwa kuikataa sindano ile. Wewe umpeleke mbwa wake akachomwe? Akitoka utamtazama kwa jicho gani?"

"Na akitoka akute kaburi la mbwa?"

"Kaburi ni amri ya Mungu. Sindano ni amri yako."

Msabah alizunguka na neno hilo siku kadhaa. Hakula vizuri. Siku moja asubuhi, ghala likiwa limefungwa, alichukua tenga kubwa, akalitandika magunia, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaondoka. Alimtia Watachoka ndani ya tenga, akapita naye Kiembe Samaki barabarani, mchana, watu wakitazama. Angeweza kuzunguka njia ya pwani. Hakuzunguka. Mtu mmoja alimpigia kelele, "Msabah, umeiletea serikali kitoweo?" Wengine walitema mate. Alinieleza haya bila hasira, kama anayeeleza njia ilivyokuwa mbovu.

Bwana aliyempokea kituoni alimpasua mbwa uvimbe, akautoa usaha, akampiga sindano ya penisilini, akamwambia amrudishe kesho na kesho kutwa. Alipokuwa akinawa mikono aliuliza ugonjwa ulianzaje. Msabah akamweleza na habari ya udongo.

"Udongo wa wapi?"

"Wa uwanjani," Msabah alisema.

Nilimjua mume wangu tangu ujana wangu, na huo ndio uwongo pekee niliousikia kwake. Alinieleza mwenyewe usiku ule, kwa aibu. "Ningesema zizini kwa Ame," alisema, "kesho wangekuja kulichimba zizi, na kuandika kwamba walisema kweli, kimeta kimo humo." Ugonjwa wenyewe bwana yule hakuupa jina. Alisema mbwa wazee hupata mambo kama hayo, na kwamba asili yake haijulikani. Mpaka leo mimi siijui, wala hao wanaosema hawaijui.

Aliendelea kumpeleka mpaka alipoambiwa basi. Mbwa akaanza kula. Kidonda kikafunga, na safari hii hakikufunguka. Pale mahali manyoya hayakuota tena.

Siku aliyotoka Ame nilikuwa Chukwani tangu asubuhi, nikipika. Alikuja kwa miguu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Watachoka aliinuka kizingitini. Hakukimbia, hakuwa na nguvu ya kukimbia. Alikwenda akamnusa miguu, akajilaza juu ya viatu vyake, na Ame akashindwa kupiga hatua. Alichuchumaa, akampapasa mwilini mwote, mkono ukafika penye lile kovu.

"Hapa pamefanya nini?"

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nilimtazama mume wangu, nikimwomba Mungu amfunge kinywa. Lakini alikuwa anarudisha amana, na amana kwake ilirudi na habari zake. Alimweleza uvimbe, dawa, vitambaa, udongo, Mwalim Borafya, tenga, na sindano.

Ame alisikiliza mpaka mwisho. "Udongo gani?"

"Wa zizini kwako. Pengine pote ni mwamba."

"Kwa hiyo walikuwa na haki."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Ng'ombe wangu walikuwa wazima, Kaka. Nimekaa ndani kwa neno hilo, na wenzangu wamezikwa kwa neno hilo. Leo unanambia ardhi yangu ina maradhi, na mbwa wangu kaponywa kwa sindano yao."

"Nakwambia lililoipata amana yako. Ugonjwa ulikuwa gani sijui. Pengine ulikuwapo kabla ya udongo. Nakwambia nilichofanya mimi."

"Ungenyamaza."

"Basi ungemwachia mwengine."

Ame aliinuka. "Amana nimeipokea," alisema, kama wanavyosema watu wote waliopata kusimama mbele ya lile kasha. Akaingia ndani na mbwa wake. Chakula nilichopika kililiwa na Jaku na watu wake.

Huo ndio ugomvi. Ame hakukanyaga Kiponda tangu siku hiyo. Msabah kila Ijumaa baada ya sala alipanda baiskeli mpaka Chukwani, akasimama barabarani na kutoa salamu. Ame aliijibu, kwa sababu salamu ni wajibu kuijibu, na hakuongeza kitu. Mbwa ndiye aliyekuja mpaka barabarani. Alikufa kwa uzee, mwaka uliofuata, na Jaku ndiye aliyetuletea habari mjini. "Ame kasema uambiwe imekwisha," alisema. Msabah alikaa ngazini pale pale, na nilipomwita kwa chakula aliitika "Naam," wala hakuja.

Kasha halikujaa tena. Watu husahau kilichowaondoa, lakini hawarudi. Alikwenda ghalani, akarudi, akaswali, na mwaka wa hamsini na saba moyo wake ukasimama.

Ame alifika kabla ya maiti kutolewa. Alikuja kwa miguu kutoka Chukwani, na mkononi ana fundo la kitambaa, kama walivyomwona. Aliingia kumwosha nduguye pamoja na wengine, na fundo aliliacha kwangu kabla hajaingia. Aliswali, akazika. Baada ya mazishi alirudi akasimama mlangoni, hakukaa, akaniambia maneno yake, nami nikamjibu. Kisha akaniomba nimfungulie kasha, aweke amana.

Fundo lile limo humo mpaka leo. Ufunguo uko kiunoni mwangu. Bi Kazija ameshakuja mara tatu kuniuliza lina nini, na wengine wametuma watoto wao. Lililomo ni la Ame. Sina zaidi la kusema.